Saa na Beleshi: Upimaji wa Muda wa Kazi Ghalani

Upimaji wa muda wa kazi ni njia ya kujua kazi fulani inastahili kuchukua muda gani, ikifanywa kwa utaratibu uliokubaliwa na mtu aliyeizoea. Kazi hugawanywa vipande vidogo, kila kipande hupimwa kwa saa mara nyingi, kisha matokeo hurekebishwa na kujumlishwa. Watu wengi huuhusisha upimaji huu na mashine za kiwandani. Hata hivyo, mfano wake uliosifiwa na kulaumiwa kuliko yote ulitoka katika yadi ya mizigo, kwa vibarua waliokuwa wakibeba na kuchota.

Yadi hiyo ilikuwa ya kiwanda cha chuma cha Bethlehem, jimboni Pennsylvania, Marekani, ambako mhandisi Frederick Winslow Taylor alifanya kazi kuanzia 1898 hadi 1901. Kulikuwa na marundo ya chuma ghafi, takriban tani 80,000, yaliyosubiri bei ipande. Bei ilipopanda, kila mkuo wenye uzito wa ratili 92, karibu kilo 42, ulipaswa kubebwa kwa mikono, kupandishwa ubao na kuangushwa ndani ya behewa. Kwa maelezo ya Taylor, kibarua mmoja alikuwa akipakia wastani wa tani 12.5 kwa siku. Taylor alisema kibarua huyo anaweza kupakia 47, na malipo yakapandishwa kutoka dola 1.15 hadi dola 1.85 kwa siku kwa atakayefikisha kiwango hicho.

Hesabu iliyotolewa kukitetea kiwango hicho ingali na faida. Carl Barth, mtaalamu wa hisabati aliyeshirikiana na Taylor, aligundua kwamba katika kubeba mizigo mizito uchovu haufuati nguvu iliyotumika, bali muda ambao misuli inakaa chini ya mzigo. Mtu anayebeba ratili 92 anaweza kuwa chini ya mzigo kwa takriban asilimia 42 tu ya siku. Uzito ukipungua hadi ratili 46, sehemu hiyo hupanda hadi asilimia 58. Kwa hiyo siku yenye mikuo 1,156, yaani hizo tani 47 na ushei, iliwezekana tu kwa kumlazimisha mbebaji apumzike kila baada ya muda mfupi. Mtu aliyeachwa aende kwa pupa angechoka kabla ya adhuhuri.

Hata hivyo, hadithi yenyewe ya mikuo ilipambwa. Mwaka 1974 Charles Wrege na Amedeo Perroni walichapisha uchunguzi wa kumbukumbu za kiwanda na kuonyesha kwamba masimulizi ya Taylor yanapishana nazo mahali pengi. Kiwango cha kwanza kilipatikana kwa kuwapima watu wachache wenye nguvu waliopakia kwa kasi ya juu kabisa kwa muda mfupi, kisha asilimia 40 ikapunguzwa kwa makadirio ili kufidia mapumziko. Taylor mwenyewe alikiri kwamba ni mtu mmoja tu kati ya wanane aliyeiweza kazi hiyo. Kiwango ambacho watu saba kati ya wanane hawakifikii hakifai kupangia zamu za ghala. Ni rekodi ya mashindano.

Kazi ya mabeleshi katika yadi hiyohiyo husimuliwa mara chache, ingawa ndiyo yenye mafunzo kwa msimamizi wa ghala. Vibarua kati ya 400 na 600 walikuwa wakichota madini ya chuma, makaa ya mawe na majivu, kila mmoja akija na beleshi lake. Beleshi moja likichota chenga za makaa hubeba ratili 3.5, likichota madini ya chuma hubeba ratili 38. Wapimaji waliwapa wachotaji stadi mabeleshi ya ukubwa tofauti, wakapima muda na jumla ya tani za siku, wakipunguza uzito wa mchoto hatua kwa hatua. Mavuno ya siku yaliongezeka hadi mchoto ulipofika takriban ratili 21, chini kidogo ya kilo 10. Ulipozidi kupungua, mavuno nayo yakashuka.

Kiwanda kikajenga stoo ya vifaa yenye mabeleshi ya aina nane hadi kumi: dogo la madini mazito, pana la majivu, na mengine katikati, yote yakichota uzito uleule. Badiliko hilo lilivuta jingine. Ili mtu apewe beleshi sahihi asubuhi, mtu mwingine alipaswa kujua tangu jana yake atachota nini na wapi, katika yadi yenye urefu wa karibu kilomita tatu. Ikaanzishwa ofisi ya mipango yenye michoro ya yadi, simu na matarishi. Kila kibarua alipokea karatasi mbili, moja ikimwelekeza pa kuanzia na kifaa cha kuchukua, nyingine ikimweleza alichofanya na alichopata siku iliyotangulia. Kwa takwimu za Taylor mwenyewe, baada ya miaka mitatu tani za mtu mmoja zilipanda kutoka 16 hadi 59 kwa siku, na gharama ya kuhamisha tani ikashuka kutoka senti 7.2 hadi senti 3.3, mishahara ya ofisi mpya ikiwa ndani yake. Vibarua walipungua hadi 140, jambo ambalo wale walioondoka hawakulihesabu kuwa mafanikio. Hata takwimu hizo zikipunguzwa kwa tahadhari, ni wazi kwamba sehemu kubwa ya faida ilitokana na kifaa na mpangilio wa yadi.

Katika ghala la leo upimaji huanzia kwenye kazi inayokula saa nyingi, na mara nyingi hiyo ni kukusanya bidhaa za oda. Mkusanyaji hupokea oda, hutembea hadi kwenye rafu, hutafuta nafasi, hutoa bidhaa, huisoma kwa skana, huiweka kwenye toroli, kisha huelekea nafasi inayofuata. Mpimaji huchagua mipaka inayoonekana au kusikika wazi, kama mlio wa skana au mkono kugusa toroli, ili wapimaji wawili wapate jibu linalokaribiana. Hurudia mizunguko mingi, kwa watu tofauti na nyakati tofauti za siku, kwa sababu ghala la saa mbili asubuhi si lile la saa kumi jioni lori likisubiri mlangoni.

Wastani ukipatikana hurekebishwa kwa kasi ya aliyepimwa. Mpimaji hulinganisha kasi hiyo na kasi ya kawaida ambayo huitwa 100. Kwa kipimo kinachotumiwa na Shirika la Kazi Duniani, 100 ni mtu anayetembea kilomita 6.4 kwa saa bila mzigo, kwenye njia tambarare iliyonyooka. Hapa ndipo upimaji wote unapokuwa dhaifu, kwa kuwa ukadiriaji wa kasi ni uamuzi wa jicho la mtu. Kisha huongezwa posho ya muda kwa mahitaji ya mwili, uchovu na ucheleweshaji usioepukika. Tuseme mstari mmoja wa oda ulichukua sekunde 40 kwa kasi ya 90: muda wa kawaida ni sekunde 36, na posho ya asilimia 15 ikiongezwa, muda sanifu huwa sekunde 41.4, yaani mistari 87 hivi kwa saa.

Namba 87 ni rahisi kubandika ukutani, na hapo ndipo maghala mengi hukosea. Oda yenye bidhaa mia moja kutoka rafu moja haifanani na oda yenye bidhaa mia moja kutoka rafu mia. Hesabu iliyo sawa hutenganisha sehemu nne: muda wa kuanza na kufunga oda, muda wa kila mstari, muda wa kila kipande, na muda wa kila mita ya kutembea. Bila mgawanyo huo, anayepangiwa rafu za mbali huonekana mvivu, na anayepata oda kubwa za karibu huonekana hodari.

Mgawanyo huo pia huonyesha muda unapopotelea. Vitabu vya taaluma hii hutaja kutembea kuwa karibu nusu ya muda wa mkusanyaji katika maghala ambako mtu huifuata bidhaa. Tuseme kati ya sekunde 36 za mfano wetu, 18 ni za miguu. Kuharakisha kazi zote za mikono kwa asilimia 10 kutaokoa sekunde 1.8. Kuhamishia bidhaa zinazotoka sana karibu na meza ya kufungashia, au kukusanya oda kadhaa kwa safari moja, na hivyo kupunguza kutembea kwa theluthi, kutaokoa sekunde 6 bila mtu yeyote kukimbia.

Si kila kazi inayofaa kupimwa kwa saa mkononi. Kwa foklifti inayosubiri hapa na kukimbia pale, sampuli hufaa zaidi, njia iliyoanzishwa na L. H. C. Tippett katika viwanda vya pamba vya Uingereza. Mwangalizi hupita kwa nyakati za kubahatisha na kuandika tu kama foklifti inafanya kazi au inasubiri. Ikidhaniwa kwamba inasubiri robo ya muda, kauli hiyo kuthibitishwa kwa kosa lisilozidi pointi 5 za asilimia juu au chini, kwa uhakika wa asilimia 95, huhitaji maangalizi 300. Kwa shughuli ambazo bado hazijaanza zipo jedwali za muda za mijongeo zilizotayarishwa, kama MTM ya mwaka 1948, ambayo huigawa saa moja katika vipimo 100,000.

Skana za sasa huandika muda wa kila bidhaa, na baadhi ya wasimamizi huona kwamba upimaji umekwisha. Lakini pengo la dakika nne kati ya milio miwili halisemi kama njia ilizibwa na paleti, kama rafu ilikuwa tupu, au kama mtu alikwenda msalani. Jimbo la California lilitunga sheria, AB 701, iliyoanza kutumika Januari 2022, inayowataka waajiri wa maghala makubwa wawaeleze wafanyakazi viwango vyao na kukataza viwango vinavyowanyima chakula, mapumziko au choo. Ugomvi huo si mpya. Agosti 1911 mafundi wa kusubu chuma katika karakana ya silaha ya Watertown, Massachusetts, waligoma kwa sababu ya saa ya kupimia, na mwaka 1915 Bunge la Marekani likazuia fedha za serikali kutumika kwa upimaji wa aina hiyo katika karakana za jeshi.

Ndiyo maana hatua ya kwanza, kabla ya saa yoyote, ni kuwaeleza wafanyakazi na wawakilishi wao kinachopimwa na matumizi yake. Anayehisi kwamba namba zake zitamgeukia hupunguza mwendo, na vipimo hutoka vibovu. Hatua ya mwisho ni kumbukumbu: karatasi ya kipimo hutaja aina ya toroli, urefu wa rafu, uzito wa bidhaa na tarehe, kwa sababu muda sanifu ni wa utaratibu uliopimwa tu. Rafu zikipangwa upya au skana ya mkononi ikibadilishwa na ya kidoleni, kiwango cha zamani hufutwa na vipande vilivyoguswa hupimwa tena.