Mfalme wa Malindi Katika Utenzi wa Camões

Msomaji, serikali mbili zikitangaza urafiki, maneno mazuri hayakosekani. Hutajwa heshima, uaminifu na manufaa ya pande zote mbili. Maneno hayo yafaa kusomwa kwa uangalifu uleule tuusomao utenzi: nani asema, nani asikiliza, na kila mmoja ametoa nini. Twaweza kujizoeza usomaji huo kwa utenzi mmoja mashuhuri wa Ulaya, ambao sehemu yake yatukia katika pwani yetu wenyewe.

Utenzi huo waitwa *Os Lusíadas*. Ulitungwa na Luís de Camões, Mreno, ukapigwa chapa Lisbon mwaka 1572. Una sehemu kumi, nao wasimulia safari ya Vasco da Gama ya kutafuta njia ya bahari ya kwenda India. Katika Aprili 1498 merikebu zake zilifika Mombasa, zikaondoka kwa uhasama, kisha zikatia nanga Malindi. Huko alipokewa vema, akapewa rubani, na mwezi uliofuata akawasili Calicut. Hayo ni ya historia. Camões aliyatwaa akayafanya mojawapo ya nguzo za kazi yake.

Kwanza tumpe mshairi haki yake. Katika utenzi huu Waislamu kwa sehemu kubwa ni maadui. Lakini mfalme wa Malindi, naye ni Mwislamu, ni mtu wa adabu, mkweli na mkarimu. Amwuliza mgeni habari za nchi yake, nasaba yake na vita vyake, na mgeni amjibu kwa sehemu tatu nzima, ya 3, ya 4 na ya 5. Hivyo historia ya Ureno yasimuliwa mbele ya mfalme wa Kiafrika, na yeye ndiye aonekanaye kustahili kuisikia. Heshima hiyo si haba.

Lakini tazama imejengwa juu ya nini. Kwa nini mfalme huyu awapende watu asiowajua? Camões ajibu kwamba mjumbe wa miungu alitangulia Malindi kutia mapenzi katika mioyo ya wenyeji. Sababu ya kweli ilikuwa karibu zaidi. Malindi na Mombasa ilikuwa miji hasimu, na mgeni mwenye mizinga aliyekwisha kukosana na Mombasa alikuwa rafiki wa kufaa. Mfalme alikuwa na hesabu yake, kama watawala wote. Mshairi aliiondoa hesabu hiyo, akamwachia wema mtupu. Hii ni kasoro ya sanaa, kwa maana mhusika asiye na haja yake mwenyewe hawi mtu kamili; ni kioo cha kumwonyesha mwenziwe uso wake.

Sasa pima walichopeana. Mfalme amwalika mgeni ashuke pwani. Mgeni akataa, asema bwana wake amemkataza kuacha merikebu. Baada ya kusikia masimulizi yote, mfalme aahidi kwamba maadamu yu hai atakuwa tayari kuutoa uhai wake na ufalme wake kwa ajili ya mfalme wa Ureno. Na Gama, alipopokewa, aliahidi nini? Aliahidi kwamba popote atakapoishi, sifa za mwenyeji wake hazitasahauliwa. Mmoja atoa ufalme, mwenziwe atoa sifa. Camões hauoni upungufu wa mizani hiyo. Auona kuwa ni uzuri wa urafiki.

Wazee wetu husema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Je, mwenyeji alipona? Kwa miaka tisini na zaidi Malindi ilifaidi. Wareno waliipiga Mombasa mwaka 1505, wakaipiga tena mwaka 1528, na mshirika wao akasimama salama. Hatimaye Mombasa ikashindwa kabisa, na mwaka 1593 Wareno wakaanza kujenga Fort Jesus. Mtawala wa Malindi alihamishiwa Mombasa awe mfalme huko. Ungedhani huo ni ushindi wake. Lakini biashara na nguvu za Wareno zilihamia Mombasa pia, na Malindi ikafifia. Katika mji wake mpya mfalme aliishi chini ya macho ya kapteni wa ngome. Hasan, aliyerithi kiti hicho, aligombana na makapteni, akauawa mwaka 1614. Mwanawe Yusuf alilelewa Goa, akabatizwa, akarudishwa kutawala. Na mwaka 1631 aliwaasi Wareno, akamwua kapteni wao ngomeni.

Camões alikuwa amekwisha kufa tangu mwaka 1580, wala hatuwezi kumlaumu kwa yaliyotukia baadaye. Lawama yetu ni nyingine. Laiti angeionyesha hofu ya Malindi kwa Mombasa, msomaji angalijiuliza mara moja: hofu hiyo ikiisha, urafiki huu utasimama juu ya nini? Malindi ilithaminiwa kwa sababu Mombasa ilikuwa adui. Adui alipoanguka, bei ya rafiki ilianguka pamoja naye. Swali hilo halimo katika utenzi, kwa kuwa ndani yake mapenzi yameshuka kutoka mbinguni.

Usome utenzi huu, msomaji, nao utakupendeza kwa bahari zake, tufani zake na ukubwa wa nia yake. Kisha ufungue gazeti, usome tangazo la serikali mbili zilizoapiana urafiki. Utafute haja ya kila upande iliyonyamaziwa, na alichotoa kila mmoja. Ukikuta mmoja ametoa bandari na mwenziwe ametoa sifa, umkumbuke mfalme wa Malindi, aliyesikiliza kwa adabu sehemu tatu nzima.