Wembe, Gundi na Msimu wa Bandari

Mjomba wangu hali bajia kama watu wengine. Zikifika kutoka kwa mama wa kona pale Ukunda, huzimimina kwenye sahani akazisahau, akachukua ile karatasi iliyozifunga na kuikunjua juu ya goti. Huipangusa mafuta kwa kiganja, mbele na nyuma, kisha hutafuta tarehe. Ukurasa ukiwa wa siasa, anarudi kwenye bajia zake. Ukiwa wa michezo, bajia zitapoa, na mkazamjomba atapita akisema, kama alivyosema tangu mimi mtoto, kwamba mumewe ana wake ishirini na wawili na wote wanavaa kaptula.

Wake wenyewe ni wachezaji wa Bandari, timu ya Mombasa inayolelewa na Halmashauri ya Bandari Kenya. Mjomba huwatengenezea kadi, moja moja, kwa mkono. Naisifu kazi hii kwa kuwa nimeiona kwa karibu, na kwa kuwa wanaoiita mchezo wa watoto hawajawahi kulizungushia wembe sikio la golikipa bila kulikata.

Kukusanya kadi za wachezaji si jambo geni. Wamarekani wamezipenda kadi za besiboli kwa zaidi ya miaka mia moja. Mchezo wenyewe huku kwetu ni hadithi tu. Jirani zetu Waganda ndio waliouchukua kwa bidii, hata watoto wa Lugazi wakawa mwaka 2012 timu ya kwanza kutoka Afrika kucheza mashindano ya dunia ya watoto kule Williamsport, Marekani. Lakini hizo kadi zina visa ambavyo mtu wa pwani anavielewa upesi. Zamani zilitiwa ndani ya pakiti za sigara, baadaye zikauzwa pamoja na chingamu. Kadi ya Honus Wagner, iliyochapishwa kati ya 1909 na 1911, ilikatizwa mapema. Inasemekana mwenyewe hakupenda sura yake iuze tumbaku kwa watoto. Na ile ya Mickey Mantle ya mwaka 1952, iliyotolewa na kampuni ya Topps, iliuzwa mwaka 2022 kwa dola milioni 12.6. Wakati wake haikuwa na thamani hiyo. Maboksi ya kadi za mwaka ule yalidoda ghalani, na Sy Berger, mtu wa Topps, alisimulia mwenyewe kwamba mwaka 1960 aliyapakia kwenye tishari akaenda kuyamwaga katika bahari ya Atlantiki.

Nilimsimulia Mjomba kisa hicho tukiwa barazani. Alinyamaza kitambo, akaniuliza, "Na dola zile alilipwa nani, yule aliyetupa au yule aliyeokota?"

Sisi hatuna wa kututupia. Wachezaji wa ligi yetu hawachapishiwi kadi zinazofika dukani Msambweni. Kwa hiyo anayetaka kadi ya beki wa Bandari lazima aitengeneze, na hapo ndipo kukusanya kunapogeuka kuwa ufundi. Mnunuzi wa pakiti hupewa mchezaji aliyekwisha kupigwa picha, kupunguzwa kingo na kuandikiwa takwimu na watu asiowajua. Mjomba huanza na gazeti lenye mafuta.

Kwanza katoni. Ya biskuti ni laini, huinama joto likizidi. Ya sabuni ndiyo bora, ngumu na kavu, na harufu yake huwachukiza mende. Kipimo chake ni karata moja kuukuu, saba ya shupaza, iliyobaki peke yake baada ya wenzake kupotea. Anailaza juu ya katoni, anaizungushia kalamu, anakata. Kisha picha. Wembe wa kazi hii hukaa ndani ya kiberiti kitupu juu ya kabati, na asije mtu akaukatia kucha. Haanzii kichwani. Anaanzia miguuni, kwa sababu mkono ukiwa bado mzito ni afadhali ukosee kwenye nyasi kuliko kwenye uso.

Mimi nilianzia kichwani. Nilikuwa na miaka tisa, nikaruhusiwa kukata winga mmoja, na nikamwondoa mkono wa kushoto kuanzia kiwiko. Nilitaka kuitupa ile picha kabla hajaiona. Mjomba aliichukua, akaibandika vilevile, akanipa kalamu niandike nyuma: "Kasoro ni ya mkataji, si ya mchezaji." Kadi ile bado ipo. Kila mgeni anayefunguliwa daftari huonyeshwa, na mimi huitwa nije nieleze.

Halafu gundi. Gundi ya dukani hushika upesi, lakini hewa ya chumvi ikiingia hukauka na kuachia, ukifungua daftari wachezaji wanamwagika kama dagaa. Uji wa unga wa ngano hushika vizuri na hukaribisha kila mdudu wa nyumba. Mjomba hutumia utomvu wa mkorosho. Kwale haina uhaba wa mikorosho, na mkorosho uliokatwa panga hutoa donge la rangi ya asali likagandia kwenye gome. Analivunja, analiloweka usiku kucha katika kikopo, asubuhi analikoroga kwa kijiti na kulichuja kwa kitambaa. Linapakwa kidogo sana. Likizidi, wino wa upande wa pili hupenya na mchezaji huota maandishi ya tangazo la mazishi kifuani. Kadi hukaushwa kivulini, kisha hulazwa chini ya debe la mchele siku mbili, na siku hizo mbili mkazamjomba hupika wali kwa manung'uniko.

Yeye pia ni mkusanyaji, ingawa hakubali jina hilo. Sanduku lake lina leso ambazo hazijapasuliwa, na kila moja anaijua kwa jina lake, aliinunua msimu gani na nani alivaa sare naye arusini. Tofauti, anasema, leso ukiichoka unambebea mtoto, lakini huyo golikipa atambeba nani? Hata hivyo ni yeye aliyemfundisha mumewe kutia majani makavu ya mwarobaini baina ya kurasa, kama anavyotia baina ya leso. Hakuna kadi iliyoliwa na mdudu tangu siku hiyo. Sijasikia Mjomba akimshukuru kwa maneno, ila nimeona akirudi na mwarobaini mpya kila baada ya miezi michache, akigawa mafungu mawili sawa.

Upande wa nyuma ndio unaonipendeza zaidi. Jina, nafasi uwanjani, timu aliyotoka, kisha mistari mitupu inayojazwa mechi baada ya mechi, kwa maandishi madogo yaliyosimama wima: bao, pasi ya bao, kadi ya njano. (Kadi ndani ya kadi, anapenda kusema, na hucheka peke yake.) Matokeo huyasikia redioni, na Jumatatu huyathibitisha gazetini akilipata. Asilolithibitisha haliandiki. Nimemwona akiacha nafasi wazi wiki tatu kwa sababu redio ilisema bao lilifungwa na huyu na gazeti likasema ni yule.

Msimu wa 2018/19 ulimjia kama aliouagiza. Ligi ilianza Desemba, kaskazi ikivuma na maji ya Diani yakiwa kioo, ikaisha mwishoni mwa Mei, kusi imekwisha kukamata na wavuvi wa Gazi wamepunguza safari. Ndiyo maana daftari la mwaka ule ukilifungua unaona pepo mbili: kurasa za mwanzo zimenyooka, za mwisho zimejikunja kwa unyevu wa masika. Kocha alikuwa Bernard Mwalala, aliyewahi kuwa mshambuliaji wa Yanga. Jumamosi za mechi za nyumbani Mjomba alipanda matatu hadi Likoni, akavuka feri, akaenda Mbaraki. Alikuwa na ushirikina mmoja tu: kama feri iliyomvusha ni MV Kwale, hakuangalia nyuma mpaka ifike ng'ambo.

Januari Bandari ilikwenda Dar es Salaam kwa Kombe la SportPesa. Iliifunga Simba 2-1 katika nusu fainali, huko huko kwao, na usiku ule barazani kwetu watu waliokuwa hawajui hata jina la nahodha waliomba kuonyeshwa daftari. Kisha fainali, 1-0, ikapotea mbele ya Kariobangi Sharks ya Nairobi. Mjomba hakusema kitu. Alikata picha ya Sharks wakiwa na kombe, akaibandika katika ukurasa wa Januari kichwa chini miguu juu.

Mwaka ule ligi ilimalizikia ndani ya Ramadhani. Mchana hakuna kula, lakini jioni kila nyumba ina bajia, sambusa na viazi vya karai, na kila kitu kimefungiwa gazeti. Ndio mwezi aliopata picha nyingi kuliko miezi yote. Watoto wa mtaa walimletea karatasi kabla ya adhana, mafuta yakiwa bado ya moto, wakapewa tende moja kwa kila mchezaji anayetambulika. Bandari ilimaliza ya pili nyuma ya Gor Mahia, kama ilivyomaliza ya pili nyuma ya Gor Mahia mwaka 2018. Tangu Feisal itwae ubingwa wa ligi mwaka 1965, taji hilo halijarudi Pwani. Daftari la Mjomba halina mchezaji hata mmoja wa Feisal. Wazee wakimtaja Ali Kajo wa timu hiyo barazani, kila mmoja anamsimulia kwa urefu tofauti na mguu tofauti, na Mjomba hukaa kimya kama fundi aliyekuta mlango umetengenezwa na wapita njia.

Juni, Kasarani, fainali ya Ngao ya FKF: Bandari 3, Kariobangi Sharks 1. Sharks wale wale. Siku iliyofuata alilifungua daftari ukurasa wa Januari, akaipaka maji ile picha iliyosimama kichwa chini, akaibandua bila kuichana na kuigeuza ikakaa sawa. "Sasa wanaweza kupumua," alisema. Mwezi uliofuata Sharks wakaishinda Everton ya Uingereza kwa penalti pale pale Kasarani, na akafurahi kana kwamba ni watoto wake. Nadhani ni kwa sababu alikwisha kuwagusa.

Kama ningeruhusiwa kuchukua kadi moja tu, ningechukua ya golikipa wa msimu ule. Picha imechukuliwa kutoka chini, amenyoosha mikono, na kwenye bega la kulia pana doa la mafuta la ukubwa wa sarafu ya shilingi tano. Ukiishika juani, doa linapitisha mwanga. Jina lilimsumbua Mjomba kuliko mechi zote. Gazeti moja Farouk, jingine Faruk. Leo Shikhalo, kesho Shikalo. Aliandika kwa penseli, akafuta, akaandika, mpaka katoni ikaota manyoya mahali pale. Mwishowe aliandika kwa wino "Farouk Shikhalo", na chini yake, kwa herufi ndogo zaidi, "huandikwa pia vinginevyo". Mistari inayofuata ina wino wa kalamu tatu tofauti: 2019, Harambee Stars, Misri, Kombe la Afrika, na wa mwisho, 2019, Yanga. Baada ya hapo mstari umepigwa kwa rula. Kadi haikutolewa daftarini. Kwa Mjomba mchezaji akihama haondolewi, anafungiwa hesabu tu, kama duka linavyofunga ukurasa wa mteja aliyelipa deni lake.

Nimeuliza bei ya hizi kadi, kwa utani. Kijana mmoja wa Diani, aliyezoea kuuzia watalii vinyago, alipendekeza ziwekwe fremu. Mjomba alimuuliza kama anamjua hata mmoja kati yao. Hakumjua. Mazungumzo yakaishia hapo, chai ikaletwa.

Daftari la 2019/20 lina kurasa kumi na nane zenye wachezaji na nyingine zote ni nyeupe. Mwanzo wake ni safari ya Kombe la Shirikisho la Afrika, iliyoishia mikononi mwa Horoya ya Guinea. Machi 2020 korona ikasimamisha ligi, na haikuchezwa tena. Gor Mahia wakatangazwa mabingwa wakiwa majumbani kwao. Kwa miezi ile hata bajia zilikuja zimefungiwa mifuko ya khaki. Wajukuu wameziomba zile kurasa nyeupe mara kadhaa wafanyie hesabu. Amewanunulia madaftari mapya, zaidi ya walivyohitaji.

Mara ya mwisho nilipovuka kwenda kumwamkia nilimkuta amekaa palepale, karatasi juu ya goti, miwani imeshuka puani. Mama wa kona alikuwa amechana gazeti bila kuangalia. Picha ilianzia mabegani: jezi, mguu umeinuliwa, mpira hewani, na chini yake maelezo nusu, "...wa Bandari akidhibiti mpira". Kichwa hakipo, jina halipo. Nikamwambia, Mjomba, hii si ya kubandikwa. Alikuwa amekwisha kusimama, anatafuta kandambili zake kwa vidole vya miguu, anamuuliza mkazamjomba kama aliona ni nani aliyenunua bajia kabla yetu.