Uteuzi wa Kitabu cha Marejeo juu ya Mitandao ya Tarakilishi

Msomaji, kitabu cha kusomea na kitabu cha marejeo si kitu kimoja, ingawa vyaweza kufanana kwa jalada na kwa unene. Kitabu cha kusomea huandamana nawe tangu ukurasa wa kwanza hata wa mwisho, kama kiongozi aendaye njia moja na mgeni. Kitabu cha marejeo hukaa rafuni mwake kikingoja. Hakikuombi ukipende, chakutaka ukijie na swali, nacho kimejitia dhamana ya kulijibu. Mtu hukiendea wakati kazi imemkwama mkononi: tarakilishi za shule hazisikilizani, habari za zahanati hazifiki makao makuu, na watu wamesimama mlangoni wakimtazama. Saa hiyo hana nafasi ya kusoma kurasa mia mbili za utangulizi. Ataka ukweli mmoja, autaka upesi, na autaka bila shaka ndani yake. Kitabu kisichoweza kumpa ukweli huo, kiwe kimesifiwa namna gani, si cha marejeo.

Natanguliza neno hili kwa sababu katika elimu ya mitandao ya tarakilishi vitabu ni vingi, bei zake ni kali, na uteuzi mbaya hugharimu zaidi ya fedha. Vitabu vilivyo vikubwa vimeandikwa kwa Kiingereza, na vingi huwafikia wanafunzi wetu vikiwa vimekwisha kutumika kwingine, kwa hisani ya wafadhili au kwa bei ya mitumba. Kitabu kikuukuu cha hadithi hakipungui utamu. Kitabu kikuukuu cha mitandao chaweza kumpotosha msomaji kwa sauti ile ile ya upole iliyomwongoza vyema mwalimu wake zamani. Chukua kitabu cha mwaka 2000. Kitamwambia kijana kwamba mtandao usio na waya hulindwa kwa njia iitwayo WEP. Mwaka 2001 udhaifu wa njia hiyo ulidhihirishwa hadharani, na leo mwenye tarakilishi ya kawaida aweza kuivunja kwa dakika chache. Kijana huyo akiitumia katika zahanati, siri za wagonjwa ameziweka barazani. Si mvivu wala si mjinga. Alisoma, na alitii alichosoma. Lawama ni ya kitabu kilichoachwa rafuni bila onyo.

Basi tazama mwaka kwanza. Walakini mwaka peke yake hautoshi, maana toleo jipya laweza kuwa jalada jipya juu ya maneno ya kale. Iliyo bora ni kukijaribu kitabu kama mnunuzi anavyoigonga nazi. Chukua maswali mawili matatu ambayo majibu yake yamegeuka kwa kupita kwa miaka, uyatafute katika faharasa, uone kitabu kinasemaje.

Swali moja nilipendalo ni la hodi. Tarakilishi mbili zitakapo kuzungumza kwa itifaki ya TCP, ya kwanza hubisha hodi; ya pili huitika karibu, nayo hubisha hodi ya upande wake; ya kwanza huitika tena, ndipo mazungumzo yakaanza. Mfano wa hodi ni mzuri, na mwenyeji wa nchi hizi hauhitaji kuelezwa mara mbili. Lakini kitabu kinachoishia katika mfano kimekuacha nje ya mlango. Je, hodi ya kwanza ikipotea njiani, mbishaji angoje muda gani kabla ya kubisha tena? Kwa miaka mingi kanuni ilikuwa sekunde 3. Mwaka 2011 kanuni iligeuzwa, muda ukawa sekunde 1. Kitabu kinachosema 3 na kunyamaza ni cha kale hata kama rangi ya jalada lake yang'aa. Kinachosema 1 kimetunzwa. Kinachotaja zote mbili, kikaeleza sababu ya mageuzi, kimeandikwa na mtu anayekuheshimu.

Utauliza kanuni hizo hutungwa wapi. Ziko nyaraka ziitwazo RFC. Ya kwanza iliandikwa na Steve Crocker katika Aprili 1969, na hesabu yake sasa imepita 9,000. Husomwa bure, na ndizo mashahidi wa elimu hii. TCP ilielezwa katika RFC namba 793 ya mwaka 1981. Waraka huo ulikaa zaidi ya miaka 40, hata namba 9293 ikashika mahali pake mwaka 2022. Kitabu chema cha marejeo hutaja namba hizi kila kinapodai jambo, ili mwenye shaka aende mwenyewe kwa shahidi. Kisichotaja hata moja chakutaka umwamini mwandishi kwa jina lake tu. Pengine utasema, kama nyaraka zenyewe ni za bure, kitabu cha nini? Jaribu kuzisoma ukaone. Zimeandikwa kwa ajili ya watungaji wa mitambo, kavu kama vifungu vya sheria, na waraka mmoja huweza kurekebishwa na mingine kumi. Kazi ya mwandishi wa kitabu ni kuzipatanisha.

Sasa nije kwa vitabu vyenyewe. Juu ya vyote naweka kile cha W. Richard Stevens, TCP/IP Illustrated, juzuu ya kwanza, kilichotoka mwaka 1994. Mwandishi huyu alizaliwa Luanshya, katika nchi ambayo leo ni Zambia, mwaka 1951, akafariki mwaka 1999, umri wake miaka 48 tu. Ubora wa kitabu chake si ufasaha, ingawa ufasaha anao. Ubora wake ni kwamba hadai kitu pasipo kukionyesha. Waandishi wengine husema kwamba pakiti hufanya hivi na hivi. Stevens aliunganisha tarakilishi, akazipa kazi, akanasa pakiti zilizopita katika waya, akazichapa ukurasani pamoja na nyakati zake, kisha akafafanua mstari kwa mstari. Ukitia shaka, fanya alivyofanya uone yaliyotokea. Sijui njia iliyo adilifu kuliko hiyo katika uandishi wa elimu.

Hata hivyo kitabu hicho ni mtoto wa wakati wake. Anwani za intaneti kimezieleza kwa madaraja ya A, B na C, utaratibu uliokwisha kuanza kuondolewa mwaka 1993. Wapo waalimu wanaoyafundisha madaraja hayo mpaka leo kama mtu anavyorudia majina ya babu zake. IPv6 haimo kwa kuwa ilikuwa haijatangazwa. Nayo ni haja kubwa, maana anwani za zamani haziwezi kuzidi 4,294,967,296, na akiba kuu ya ulimwengu iligawiwa ikaisha Februari 2011. Mwaka huo huo Kevin Fall alitoa toleo la pili la kitabu cha Stevens. IPv6 imeingia, ulinzi umepewa sura yake, mitandao isiyo na waya imeelezwa. Fall hakuharibu urithi. Lakini sura za uhamishaji wa faili, za barua pepe na za namna ruta zinavyopashana habari za njia, zilizokuwamo mwanzo, hazikurudi. Na mahali pengi maelezo yamekuwa mazito, kama mtu aliyeogopa kuacha neno lolote nje. Kitabu ni kamili zaidi katika yale kiliyoyashika, ila hakisomeki kwa raha ile ya kwanza. Kwa kazi ya marejeo nakubali hasara hiyo.

Kitabu cha Andrew Tanenbaum, Computer Networks, kina umri mkubwa zaidi. Kilitoka mara ya kwanza mwaka 1981, na toleo lake la sita, alilolitunga pamoja na Nick Feamster na David Wetherall, ni la 2021. Huanza chini, katika waya na mawimbi, kikapanda tabaka kwa tabaka hata kwa mtumiaji. Tanenbaum ana kipaji ambacho wengi wamenyimwa: huhukumu. Anapoeleza mfano wa matabaka saba wa OSI hausifu tu kama somo la mtihani. Huonyesha kasoro zake, kisha hugeuka akaonyesha kasoro za mfano ulioushinda. Mwanafunzi aliyezoea kudhani kwamba kila kilichopigwa chapa ni cha kweli hujifunza hapo kwamba mitandao ilitungwa na watu, nao walibishana. Ila ukikiendea kwa swali la namba moja tu, huenda ukaipata ndani ya aya ndefu yenye mzaha. Ni kitabu cha kusoma jioni.

James Kurose na Keith Ross, ambao kitabu chao kilianza kutoka katika mwaka 2000, walipindua mpango huo. Wao huanza juu, kwa kurasa za wavuti na barua anazozijua kila mtu, wakateremka mpaka kwenye waya. Kwa mwanafunzi wa kwanza sina kitabu cha kukitanguliza mbele ya hicho. Kwa marejeo, hapana: kimepangwa kwa ajili ya darasa, na jambo moja hugawanywa katika sura mbili au tatu kulingana na mwendo wa masomo. Cha Radia Perlman, Interconnections, toleo la pili la 1999, nakitaja kwa heshima tu. Bibi huyu ndiye aliyetunga mwaka 1985 njia ya kuzizuia pakiti zisizunguke daima katika mtandao wenye vitanzi, na kitabu chake hueleza kwa nini mambo yaliamuliwa vile yalivyo. Kinanoa akili, lakini kwa namba za leo hakitegemewi.

Liko jaribio jingine, nalo ni letu hasa. Vitabu hivi karibu vyote vimeandikwa na watu waliozungukwa na kebo nzuri. Sisi, kabla ya kebo za SEACOM na TEAMS kufika Mombasa chini ya bahari mwaka 2009, tulitegemea setilaiti, na hata leo zipo shule za mbali zinazoitegemea. Setilaiti iliyosimama juu ya ikweta iko mbali kiasi cha kilomita 36,000. Neno lipande, lishuke, na jibu lipande, lishuke: karibu nusu sekunde imekwenda. Katika TCP mpelekaji haruhusiwi kutuma zaidi ya kipimo kiitwacho dirisha kabla ya kupata itikio, na dirisha la asili halizidi baiti 65,535. Piga hesabu, msomaji. Baiti 65,535 kwa kila nusu sekunde ni baiti 131,070 kwa sekunde, yaani biti milioni 1 na kidogo. Shule iliyolipia njia ya biti milioni 10 kwa sekunde itaona mazungumzo mamoja yakitumia sehemu moja tu katika kumi, na mwalimu mkuu atamshuku fundi, na fundi atamshuku mwenye kampuni, kumbe wote hawana hatia. Dawa ilitangazwa mwaka 1992 katika RFC namba 1323, ikaandikwa upya mwaka 2014 katika namba 7323: dirisha hukuzwa kwa kuzidishwa. Tafuta jambo hilo katika faharasa ya kitabu unachotaka kununua. Lisipokuwamo, au likiwa limetajwa kwa mstari mmoja, mwandishi hakuwafikiria watu wakaao mbali.

Na faharasa yenyewe isidharauliwe. Kitabu cha kurasa elfu chenye faharasa ya kurasa sita ni ghala lililofungwa ufunguo ukatupwa.

Juu ya bei sitasema mengi, kwa kuwa kila shule yajua mfuko wake. Kitabu cha Larry Peterson na Bruce Davie, kilichoanza mwaka 1996, waandishi wenyewe wamekifungua kisomwe bure, nacho ni kizuri. Kiwekwe katika tarakilishi ya maktaba, fedha itunzwe kwa kingine. Kama fedha hiyo yatosha kitabu kimoja, ningenunua toleo la Fall la 2011. Halina habari za QUIC, itifaki iliyothibitishwa mwaka 2021 katika RFC namba 9000, ambayo sasa huchukua sehemu kubwa ya kazi za wavuti. Basi mkutubi aandike neno hilo kwa wino katika ukurasa wa kwanza, pamoja na namba ya waraka. Na toleo la Stevens la 1994 likionekana mahali kwa bei ya mitumba, linunuliwe pia, liandikwe nalo kwa wino: sura ya anwani isitumiwe, zilizobaki zisomwe kwa makini.