Neno "Mpira" Chini ya Boneti

Tafsiri ya ufundi ina kipimo kimoja kisichokwepeka: je, msomaji akiyafuata maneno kama yalivyoandikwa, atatenda lililokusudiwa? Kwa kipimo hicho, neno mpira, kama litumikavyo katika maelezo ya matengenezo ya magari, linastahili kuhakikiwa upya.

Tuchukue mfano wa kuzikinga nyaya za umeme zipitazo karibu na mipira ya rejeta. Kwa macho jambo hili ni dogo. Lakini ndani ya mipira hiyo hupita maji yaliyochanganywa na glikoli, ambayo hapa tutayaita kipoza, yakiwa na joto la karibu nyuzi 90 za Selsiasi, tena chini ya shinikizo. Injini ikiunguruma, mpira hutanuka na kutikisika. Waya uuegemeao husuguliwa bila kukoma, hali plastiki iliyoufunika inapashwa joto. Nyaya za daraja la chini katika vipimo vya kimataifa vya magari zimekusudiwa joto lisilozidi nyuzi 85. Plastiki hiyo hulainika, kisha hulika. Shaba ikibaki tupu na kugusa chuma, hutokea shoti, na pasipo fyuzi huweza kuzuka moto. Mpira nao ukitobolewa na ukingo wa kibanio, kipoza humwagika, injini huchemka, na gasketi ya silinda hedi huharibika.

Sasa tuseme mfasiri ameandika: "Waya usiguse mpira, upitishwe ndani ya mpira." Katika sentensi hiyo mpira wa kwanza ni ule upitishao kipoza, na wa pili ni kifuniko cha kukinga waya. Mwandishi anajua tofauti, lakini msomaji hakuambiwa. Mwanafunzi wa ufundi aweza kudhani kuwa kila kiitwacho mpira ni salama kwa waya, kwa kuwa ni laini na hakipitishi umeme. Basi huchukua kamba ya plastiki akaufunga waya juu ya mpira wa rejeta, akiamini ametii agizo. Kosa hilo tusimlaumu nalo mwanafunzi.

Wako watakaosema kwamba lugha zote zina maneno yenye maana nyingi, na kwamba muktadha hutosha. Hoja hiyo ina ukweli nusu. Mpira wa miguu na mpira wa rejeta havikutani mahali pamoja, kwa hiyo havimtatanishi mtu. Hatari huja pale maana mbili zinapokaa katika chumba kimoja na kutakiwa kutenganishwa na agizo lile lile. Chini ya boneti mpira ni bomba laini la kipoza, ni kifuniko cha waya, na ni pete izibayo tundu la bati ambamo waya hupenya. Hapo muktadha hauwezi kutuokoa, kwa sababu muktadha wenyewe ndio uliochanganyika.

Hatupendekezi kulifukuza neno la mafundi. Mpira wa rejeta linaeleweka katika kila gereji, na kulibadilisha kwa bomba kungeleta tatizo jingine, maana bomba hudokeza kitu kigumu. Tunapendekeza tu kwamba liandikwe kikamilifu daima, wala mpira lisiachwe peke yake. Kitundu cha bati kipewe pete ya mpira. Plastiki iliyoshikamana na shaba iitwe ganda la waya. Kifuniko kinachovishwa juu ya nyaya kiitwe ala ya nyaya, kama kisu kilivyo na ala yake. Ni kweli kwamba ala pia ni chombo cha kazi au cha muziki. Lakini katika agizo kama "vika nyaya ala", maana hiyo ya pili haina mahali pa kukaa.

Kitenzi nacho kichunguzwe. "Usiguse" huelekeza jicho kwenye hali ya injini iliyozimwa, ambapo waya na mpira huweza kuonekana vimeachana. Kinachotakiwa ni nafasi itakayobaki hata injini ikitikisika. Agizo letu basi lisomeke hivi: "Acha nafasi kati ya nyaya na mpira wa rejeta. Zibane nyaya kwenye bodi au kwenye mabano yake, wala usizifunge kwenye mpira huo. Pasipowezekana kuacha nafasi, zivike ala inayostahimili joto."

Agizo hili ni refu kuliko lile la kwanza, na huenda mhariri akatamani kulifupisha. Asilifupishe kabla ya kulisoma mbele ya fundi aliyesimama na waya mkononi, na kumwuliza ataupitisha wapi.