Usalama Upi? Uhakiki wa Istilahi za Kiswahili Mbele ya Kihakiki cha Kiini cha Linux

Istilahi za kompyuta katika Kiswahili zilijengwa kuanzia kwenye skrini. Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwezi Desemba 2004, ulihitaji maneno ya menyu, vitufe na ujumbe wa makosa, nao ukayapata. Makala haya hayaibezi kazi ile. Bila hiyo tusingekuwa na cha kuhakiki. Yanachouliza ni kama msamiati uliozaliwa kwa ajili ya mtumiaji unastahimili unaposhushwa chini ya skrini, hadi kwenye kiini cha mfumo endeshi. Kipimo kilichochaguliwa ni kigumu kwa makusudi: kihakiki cha eBPF ndani ya Linux, na namna kinavyokagua matumizi ya vielekezi.

Tangu toleo la 3.18 la mwaka 2014, kiini cha Linux kinaweza kupokea programu ndogo kutoka nje na kuziendesha ndani yake, kwa mfano za kuchuja pakiti za mtandao. Chimbuko lake ni kichujio cha pakiti kilichobuniwa na Steven McCanne na Van Jacobson mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kiini kina mamlaka juu ya mashine nzima, hivyo programu inayokosea humo haifungi dirisha moja tu, bali huweza kuangusha mfumo wote. Kwa sababu hiyo, kabla programu haijaendeshwa, kihakiki huisoma amri kwa amri na kufuata njia zinazoweza kupitiwa. Rejista ni kumi na moja, na kwa kila moja kihakiki hutunza maelezo: hii ina namba ya kawaida, hii ina kielekezi cha eneo la kazi la baiti 512, hii ina kielekezi cha pakiti, hii haijawekwa kitu na hairuhusiwi kusomwa. Programu ikitafuta thamani katika jedwali, hurudishiwa kitu ambacho huenda ni kielekezi na huenda ni utupu. Isipouliza kwanza ni kipi kati ya hivyo viwili, inakataliwa. Ikitaka kusoma pakiti, sharti ilinganishe mahali inapotaka kusoma na mwisho wa pakiti hiyo.

Hapa Rusizi mfano unaokuja upesi ni wa mpakani: afisa wa uhamiaji penye daraja la kuingia Bukavu, akikagua hati ya kila mpitaji. Mfano huo unapotosha. Afisa humkagua mtu anapopita. Kihakiki humkagua msafiri angali nyumbani. Huchukua ramani ya safari yake, na njia moja tu ikionekana kuweza kumtumbukiza mtoni, hata kama yeye hana nia ya kuipita, safari nzima inafutwa. Ndiyo maana jina *kithibitishi*, linalopendwa na baadhi ya wafasiri, halifai. Kuthibitisha ni kukiri kwamba jambo ni kweli, na katika ofisi zetu hukaribia kupiga muhuri. Kihakiki hukataa hata programu isiyo na kosa lolote ikiwa chenyewe kimeshindwa kujiridhisha. Kitenzi *kuhakiki* kinabeba shaka hiyo. Wenzetu wa fasihi wamelizoea neno hili kama mali yao, watuwie radhi.

*Kielekezi* lenyewe ni jema, ingawa mtumiaji wa kawaida hulihusisha na mshale unaotembea kwenye skrini. Kiingereza kina utata uleule na wahandisi wake hawapotei. Penye tatizo ni *kumbukumbu*. Neno hilo hutumika kwa mahali ambapo kompyuta huhifadhi data inazozifanyia kazi, kwa mihtasari ya mikutano, na pia kwa taarifa ambazo mfumo huandika kuhusu mwenendo wake. Kihakiki kinapoikataa programu, huandika taarifa ndefu inayoeleza hatua kwa hatua kilichoonekana. Kwa istilahi tulizo nazo mtu atalazimika kuandika: "Kumbukumbu za kihakiki zinaonyesha kwamba kumbukumbu zimesomwa vibaya." Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, na haifai kitu. Pwani ilikuwa na neno la zamani, *batli*, kitabu ambamo mambo ya safari ya chombo huandikwa. Limo kamusini, linasubiri kazi. Batli ya kihakiki ingemwondolea msomaji mkanganyiko huo mara moja.

Hata hivyo, hayo ni madogo yakilinganishwa na neno *usalama*. Kiingereza hutenganisha hali ya kitu kutojidhuru na kutodhuru kwa bahati mbaya na hali ya kitu kukingwa dhidi ya mtu mwenye nia mbaya. Sisi tunaziita zote usalama, na katika suala la kiini zinaachana kabisa.

Tarehe 19 Julai 2024, sasisho la programu ya CrowdStrike, inayofanya kazi ndani ya kiini cha Windows, liliangusha kompyuta takribani milioni 8.5 duniani. Hakukuwa na adui. Sehemu moja ya programu ilitarajia thamani 20 za kuingizwa, ikatakiwa kutazama ya 21, ikasoma nje ya mipaka ya kumbukumbu. Katika kisa cha mwaka 2020, kilichosajiliwa kwa namba CVE-2020-8835, aliyekosea ni kihakiki cha Linux chenyewe: kilikokotoa vibaya mipaka ya namba katika hesabu za biti 32, kikaamini kwamba namba fulani ni ndogo kumbe siyo. Namba hiyo ikijumlishwa na kielekezi, kielekezi hutoka nje ya eneo lake, na mtu aliyeingia kama mtumiaji wa kawaida akapata njia ya kujitwalia mamlaka ya mfumo mzima. Kisa cha kwanza ni ajali. Cha pili ni mlango ambao mvamizi angeweza kuutumia, uliofunguliwa na kasoro ya aina ileile. Mwandishi wa ripoti kwa Kiswahili atasema katika visa vyote viwili kwamba "usalama umevunjwa", na mshauri wa sera atapendekeza walinzi zaidi, nywila ndefu zaidi na programu zaidi za ulinzi. Yaliyotokea mwaka 2024 yaliletwa na programu ya ulinzi.

Mzungumzaji wa Kinyarwanda hapati msaada nyumbani, kwa kuwa *umutekano* nao unabeba maana zote mbili. Wajerumani pia wana neno moja, *Sicherheit*, na hakuna anayesema lugha yao haiwezi sayansi. Kifaransa cha jirani zetu wa ng'ambo ya mto kina maneno mawili, ila wahandisi wa nyuklia na wale wa usafiri wa anga huyatumia kinyume. Si suala la umaskini wa lugha, basi, bali la uamuzi ambao haujafanywa.

Tanzania imeanza kuamua bila kutangaza. Sheria yake ya mwaka 2022 inaitwa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. *Ulinzi* humfikirisha mtu juu ya mlinzi na anayelindwa dhidi yake, na hiyo ndiyo maana inayotakiwa adui anapokuwepo. *Usalama* ubaki na maana yake ya kale, kuwa mzima bila dhara, kama tunavyoagana kwa safari salama. Tungekuwa na *usalama wa kumbukumbu* kwa kazi ya kihakiki, na *ulinzi wa mfumo* kwa kazi ya kuzuia wavamizi. Wapo watakaosema *ulinzi* unanukia jeshi. *Usalama* nao umenukia idara za ujasusi kwa miongo mingi.

Rwanda ilipitisha sheria ya kukifanya Kiswahili lugha rasmi mwaka 2017, na Februari 2021 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki waliridhia kiwe lugha rasmi ya Jumuiya. Maana yake ni kwamba viwango vya kiufundi na mikataba ya ununuzi wa mifumo itaandikwa, au walau itafasiriwa, kwa lugha hii. Kifungu kinachosema "programu zote za kiini zihakikiwe usalama wake" kitasomwa na mzabuni kwa namna inayomgharimu kidogo zaidi. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, huko Zanzibar, ingefaa ianze na jozi hii ya maneno kabla ya orodha nyingine yoyote ya vifaa na vitufe.