Nyumba Moja, Ndimi Mbili

Wasomi wetu wana desturi ya kuvigawa vitabu katika mafungu mawili: vya kusomwa mezani na vya kusomwa kitandani. Vya fungu la kwanza huandikiwa insha na kutahiniwa. Vya fungu la pili huchekwa, huazimwa rafiki, na husahauliwa, wala hakuna aulizaye vilitengenezwaje. Hadithi za mapenzi zenye kuchekesha zimetiwa katika fungu hili la pili tangu zamani, na wengi hudhani kwamba kitabu kilichosomwa kwa wepesi lazima kiliandikwa kwa wepesi. Nataka kukitoa kitabu kimoja kitandani na kukiweka mezani, ili tuone kama kitastahimili kuulizwa maswali.

Kitabu chenyewe ni The Flatshare, riwaya ya kwanza ya Beth O'Leary, Mwingereza, iliyotolewa mwaka 2019, miaka mia kamili baada ya vita vile vikuu vya kwanza kutuliwa kwa mkataba. Nami nautaja mwaka huo kwa sababu shida inayoianzisha hadithi ni ya zama zetu hasa: kodi ya nyumba mjini London. Tiffy Moore ni mhariri msaidizi katika nyumba ndogo ya kuchapisha vitabu vya kazi za mikono. Ameachana na mwanamume aliyekuwa akiishi kwake, na sasa anatafuta pa kulala kwa fedha kidogo. Leon Twomey ni muuguzi wa zamu za usiku, mwenye kuwatunza wagonjwa walio karibu na mwisho wa maisha yao. Naye ana haja ya fedha, kwa kuwa ndugu yake Richie amefungwa kwa wizi wa kutumia silaha ambao hakuufanya, na wakili hulipwa. Leon ana fleti ya chumba kimoja cha kulala na kitanda kimoja. Anatangaza kwamba atakaa humo tangu saa tatu asubuhi hata saa kumi na mbili jioni, siku za kazi tu; saa nyingine zote fleti ni ya mpangaji, kwa pauni 350 kwa mwezi. Tiffy anakubali. Basi watu wawili wanalala katika kitanda kimoja kwa miezi kadhaa, kila mmoja na upande wake, na hawajaonana kwa macho.

Shauri hili la chumba cha watu wawili wasioonana si jipya katika vichekesho vya Waingereza. Mwaka 1847 John Maddison Morton alitunga mchezo mfupi uitwao Box and Cox. Box ni mpiga chapa afanyaye kazi usiku, Cox ni mtengeneza kofia afanyaye kazi mchana, na mwenye nyumba, Bibi Bouncer, amewapangisha wote wawili chumba kimoja bila kuwaambia, apate kodi mbili. Ilipofika mwaka 1866 mchezo huo ulikuwa umekwisha kutiwa muziki na Arthur Sullivan. Lakini tuangalie tofauti. Kwa Morton kicheko chatoka katika hila ya mwenye nyumba, na pazia hufunguka siku ambayo wapangaji watakutana na kugombana. Kwa O'Leary hakuna hila: wote wawili wameujua mkataba na kuukubali. Kicheko hakitoki katika kudanganywa, bali chatoka katika kujuana kidogo kidogo kwa watu wasioonana. Mabadiliko hayo ndiyo yaliyokifanya kichekesho cha vyumba kuwa hadithi ya mapenzi.

Njia aliyoitumia mwandishi ni ya kupokezana: sura moja husimuliwa na Tiffy, ya pili na Leon, na hivyo hata mwisho. Njia hii si ngumu kuianza; ugumu wake ni kuidumisha. Waandishi wengi waliojaribu kuwapa wapenzi wawili nafasi ya kusema wameishia kumpa mtu mmoja majina mawili. O'Leary ameiepa hatari hiyo kwa sarufi. Tiffy ni mwingi wa maneno. Sentensi zake huingiliana kama nguo katika sanduku lililojazwa kupita kiasi, huongeza jambo juu ya jambo, hujikosoa na kuomba radhi katikati ya maneno. Leon ni bahili. Huangusha kiwakilishi cha nafsi, huacha kitenzi kikisimama peke yake, na mazungumzo huyaandika kama yaandikwavyo katika mchezo wa kuigiza: jina, nukta mbili, neno. Fungua kitabu popote, uzibe jina lililo juu ya sura, nawe utajua mara moja ni nani asemaye. Huo ndio mtihani wa kwanza wa riwaya ya sauti mbili, na hii imeufaulu.

Hapa msomaji wa Kiswahili ana jambo la kufikiri. Tuseme kitabu hiki kitafasiriwa, Leon atasemaje? Mwingereza akiangusha neno lake la "mimi", sentensi huonekana imekatwa, na mtu huonekana mchovu au mwenye haya. Katika lugha yetu nafsi haikai nje ya kitenzi hata iweze kuangushwa. Imo ndani yake: mtu asemaye "nimefika" hakuacha kitu, naye hasikiki kuwa bahili. Walakini sikubali kwamba mlango umefungwa. Washairi wetu wameizoea njia ya kuimeza nafsi ya kwanza, wakasema "takuja" badala ya "nitakuja", na watu wa pwani husema hivyo barazani bila kujidai ushairi. Tena tuna desturi ya kutaja nafsi mara moja tu na kuviacha vitenzi vinavyofuata bila mwenyewe: "Nikafika, na kuvua viatu, na kulala." Na pale pasipotakiwa kitenzi, majina yatosha: "Saa tatu. Ngazi. Ufunguo. Kitanda." Mfasiri atakayezichanganya njia hizi tatu kwa kipimo atapata Leon wa Kiswahili, aliye mnyamavu kwa namna yetu. Asiyezijua atamfanya Leon aseme kama Tiffy, na kitabu kitakuwa kimekufa mikononi mwake hata kama kila neno limefasiriwa sawasawa.

Sura hizo za kupokezana ni nusu tu ya ufundi. Nusu ya pili ni vikaratasi. Kwa kuwa hawaonani, Tiffy na Leon huandikiana katika vipande vya karatasi vya kubandika, wakaviacha jikoni, mlangoni, na juu ya vyakula walivyowekeana. Mwanzo ni mambo ya takataka na vyombo. Kisha ni shukrani, kisha ni maswali, kisha ni siri. Kuna tofauti kubwa kati ya sura na kikaratasi, nayo yafaa ielezwe. Katika sura kila mmoja anasema na msomaji, na mwenziwe hasikii. Katika kikaratasi anasema na mwenziwe, naye atajibiwa. Sisi tuliolelewa katika majibizano ya washairi twaifahamu tofauti hii upesi. Mshairi anayejibizana hatungi peke yake. Huchukua hoja ya mwenziwe, aghalabu pamoja na vina vyake, akaijibu kwa mizani ile ile, na uzuri wa shairi la pili hauonekani ila mbele ya la kwanza. Vikaratasi vya fleti hii ni majibizano ya namna hiyo. Tiffy huanza kufupisha kidogo. Leon, asiyependa maneno, huanza kurefusha. Kila mmoja anachukua kina cha mwenziwe. Mapenzi yao yanaonekana katika urefu wa sentensi kabla hayajaonekana katika matendo, na mwandishi hakuona haja ya kutuambia. Ametuachia tuhesabu wenyewe.

Na kwa sababu twasikia pande zote mbili, sisi wasomaji twajua zaidi ya kila mmoja wao. Hapo ndipo kilipo chemchemi ya kicheko. Siku wanayoonana kwa mara ya kwanza Tiffy amechelewa kuamka, akaingia bafuni mbio, kumbe Leon yumo anaoga. Jambo lenyewe ni la vichekesho vya kila siku, na katika mkono mwingine lingekuwa la kipuuzi. Lakini kila mmoja amekwisha kumjenga mwenziwe akilini kwa miezi, nasi tumeyaona majengo yote mawili yakiinuka. Kwa hiyo hatuwacheki kwa aibu yao tu, bali kwa kuwa twajua fikira ngapi zimeporomoka kwa dakika moja.

Kama kitabu kingeishia hapo, kingekuwa chepesi na kizuri, wala nisingekiandikia insha. Lakini chini ya kicheko kuna jambo zito. Justin, mwanamume aliyeachana na Tiffy, hakumpiga. Alimfanya asiamini kumbukumbu yake mwenyewe. Alimwambia mara nyingi kwamba amesahau, kwamba amekosea, kwamba jambo halikuwa hivyo, hata mwanamke akaanza kuishuku akili yake. Tiffy anatusimulia sura za mwanzo akiwa katika hali hiyo, na mara nyingi humtetea Justin kwa maneno yake mwenyewe. Basi tufikiri: riwaya ya sauti moja, sauti ya Tiffy peke yake, ingetupa msimuliaji asiyejiamini na hakuna wa kumsaidia. Sauti ya pili haikuletwa kwa ajili ya mapenzi tu. Imeletwa kama shahidi. Leon anaona mwanamke anavyogutuka, anaona anavyoomba radhi pasipo kosa, naye huyaandika aliyoyaona kwa ufupi bila kuyatolea hukumu. Anapoyaona, nasi twajua kwamba Tiffy hakuota.

Tukilishika jambo hili, visa vingine ambavyo wasomaji wengine hudhani vimebandikwa tu vyaingia mahali pake. Richie amefungwa kwa sababu maneno yake hayakuaminiwa. Anapopiga simu kutoka gerezani na Tiffy kuipokea, Tiffy anamsikiliza, kisha anaipeleka habari yake kwa rafiki yake Gerty, ambaye ni wakili, na hapo ndipo rufani inapoanza kupata uhai. Katika wadi ya Leon yumo mzee, Bwana Prior, anayetaka kumpata mwanamume aliyempenda wakati wa vita, na Leon anakwenda huku na huku kumtafuta. Wote watatu, mwanamke, mfungwa na mzee, wana shida moja: wanahitaji mtu wa kuyasadiki wayasemayo. Kwa mwandishi huyu kupenda ni kusikiliza ushahidi wa mwenzio na kuuamini.

Yuko atakayeuliza: kama kitabu hiki ni cha haki, mbona Justin hakupewa sura hata moja? Kusikiliza pande mbili si kusikiliza pande zote. Swali hili ni la haki, na kwa muda lilinitatiza. Jibu langu ni hili. Justin amekwisha kusema. Alisema kwa miaka kadhaa ndani ya kichwa cha Tiffy, na sura za mwanzo zimejaa maneno yake yaliyovaa sauti ya mwanamke. Kumpa sura yake mwenyewe kungekuwa kumpa zamu ya pili kabla Tiffy hajamaliza ya kwanza.

Kasoro zimo. Wapenzi wakisha kuonana na kukaa pamoja, vikaratasi hupungua, na sura mbili zinazofuatana huanza kutuambia jambo moja mara mbili. Kay, aliyekuwa mpenzi wa Leon na ndiye aliyesimamia mapatano ya fleti, anaondolewa njiani kwa urahisi mno. Alistahili japo hoja moja nzuri. Na karibu na mwisho, Justin anapomposa Tiffy mbele ya hadhira, Leon anaipata habari kwa njia ya pembeni, akasadiki kwamba Tiffy amekubali. Kitabu kizima kimemfundisha mtu huyu kusikiliza, na siku ya mtihani hakuuliza. Naelewa kwamba kichekesho chahitaji kikwazo cha mwisho, lakini kikwazo hiki kimetolewa katika ghala la zamani, nacho chamshusha Leon kuliko inavyompasa. Mwaka 2022 kisa hiki kilifanywa mchezo wa televisheni. Picha zaweza kuonyesha fleti na vikaratasi, lakini haziwezi kuonyesha nafsi iliyoangushwa katika sentensi, na kwa hiyo ni lazima Leon wa picha awe mtu mwingine.

Katika lugha yetu mwenye ndimi mbili ni mnafiki, na nyumba yenye ndimi mbili huogopwa. O'Leary ametuonyesha nyumba ambayo ndimi mbili ndizo zilizoiponya, kwa kuwa ulimi mmoja ulikuwa umefundishwa kujikana wenyewe, na wa pili ukaushuhudia. Vijana wetu wanaotunga hadithi za mapenzi katika Kiswahili wana majibizano, wana barua, na wana kanga zinazosema yale ambayo mvaaji hataki kuyatamka. Vyombo vya riwaya ya namna hii vimo majumbani mwetu. Atakayevitumia na ajiulize kwanza swali moja: sauti ya pili inajua nini ambacho ya kwanza haiwezi kujisemea? Akikosa jibu, na aandike kwa sauti moja.