Mwigizaji Asiyejua Hadithi

Filamu za mbwa na bwana wake hazina heshima kwa watu wanaojiona wajuzi wa sinema. Huziita filamu za kukamua machozi, za kuwatuliza watoto Jumapili mchana. Kuhusu machozi hawajakosea. Ila kumliza mtu mzima kwa kutumia mwigizaji ambaye hajasoma mswada, hajui nani kafa, wala hajui kwamba anaigiza, ni kazi nzito kuliko nyingi zinazopewa tuzo.

Chukua Hachi, iliyoongozwa na Lasse Hallström mwaka 2009. Kisa chenyewe ni cha Japani. Profesa Hidesaburo Ueno, aliyefundisha kilimo Tokyo, alikuwa na mbwa wa aina ya Akita aliyezoea kumpokea stesheni ya Shibuya. Mei 1925 profesa akafia kazini. Mbwa akaendelea kwenda stesheni mpaka naye alipokufa, Machi 1935. Wajapani waliitengeneza filamu yao mwaka 1987. Hallström akakihamishia kisa katika mji mdogo wa Marekani, na profesa, safari hii mwalimu wa muziki, akawa Richard Gere.

Tazama Hallström alivyoutumia mpira. Profesa anahangaika kumfundisha Hachi kuufuata na kuurudisha, mbwa hana habari. Rafiki yake Mjapani anamweleza kwamba Akita hafanyi jambo ili kumfurahisha mtu. Akifanya, ana sababu. Tunacheka, tunasahau. Kisha asubuhi moja, bila kuombwa, Hachi anauleta mpira. Profesa anafurahi kama mtoto, anakwenda kazini nao, na anapoanguka darasani ungali mkononi. Hakuna aliyetuambia kwamba mbwa alihisi kitu, na hakukuwa na haja. Mpira umesema yote.

Sasa zunguka nyuma ya kamera. Akita ni mbwa mkaidi, si wa kutumwatumwa, na katika filamu hii mbwa wazima watatu walipokezana nafasi ya Hachi. Kazi kama hii kwa kawaida huenda hivi: mwalimu wa mbwa anasimama karibu na lenzi, anainua mkono wenye kipande cha nyama, mbwa anainua macho. Basi. Mhariri anakata hapo, anaweka mlango wa stesheni ukifunguka na abiria wakitoka mmoja mmoja, halafu anarudi kwenye yale macho. Mbwa anaitazama nyama. Sisi tunaona anamtafuta bwana wake. Mrusi Lev Kuleshov alilionyesha jambo hili karne moja iliyopita kwa uso wa mwanadamu: uso uleule, ukiwekwa kando ya sahani ya supu, watu huona njaa, ukiwekwa kando ya jeneza, huona huzuni. Ila mwanadamu unaweza kumshuku kwamba aliongeza chumvi kidogo. Mbwa hashukiwi.

Ndiyo maana sipendi mbwa anayesema. Hallström huyohuyo alirudi mwaka 2017 na A Dog's Purpose, ambamo mbwa ana sauti ya Josh Gad na anatueleza kila anachokihisi. Ni filamu ya kupendeza, lakini imetunyang'anya kazi yetu. Hachi ananyamaza, kwa hiyo sisi ndio tunaomsemea, na mtu haponi haraka na maneno aliyoyatunga mwenyewe.

Kilele cha ufundi huu, kwangu, kiko Italia, katika Umberto D. ya Vittorio De Sica, ya mwaka 1952. Mzee mstaafu amekosa kodi ya chumba. Anataka kuomba barabarani na aibu haimruhusu, kwa hiyo anampa mbwa wake, Flike, kofia aishike mdomoni, naye anajificha nyuma ya nguzo. Flike amekaa wima, kofia mdomoni, mtiifu kabisa. Mara anapita mtu anayefahamiana na mzee. Mzee anatoka mafichoni na kujifanya kwamba mbwa anacheza tu. Aliyeigiza mzee huyo, Carlo Battisti, alikuwa profesa wa isimu, si mwigizaji. De Sica aliweka wawili wasio wa fani, na fedheha yote ya umaskini ikaingia katika kofia moja.

Mtu atasema haya ni mapenzi ya Wazungu kwa mbwa wao. Sidhani. Wako wengi pwani ambao mbwa kwao ni mlinzi wa uani na sebuleni hakanyagi, na bado mlango wa stesheni ukifunguka Hachi akakosa anayemngoja, wanatafuta leso. Hawamlilii mbwa wa kufugwa. Wanalia kwa sababu filamu imetengenezwa sawasawa.

Kwa hiyo ukiitazama Hachi, usizime televisheni mara baada ya kufuta macho. Acha majina yapite, ukimtafuta Mark Harden, mwalimu wa mbwa wale. Pongezi zako mpe yeye kwanza, Gere atafuata.